Kikundi cha wasusi wa mikeka kinaifikiaje UNESCO?

Msusi_Pangani
Wakuu habari zenu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama wasusi wa mikeka huku Pangani, tuko 19, wengi watu wazima, na mabinti wa siku hizi kukaa chini kusuka ukili hawataki. Juzi nimemrekodi bibi mmoja kwa simu anachemsha ukindu, yale majani ya kusukia, kwenye sufuria ya rangi, hapimi kitu, anaunyanyua na kijiti anautazama tu anajua umekolea. Roho iliniuma, akiondoka huyu nani atajua? Tunataka UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, wautambue ususi wetu, niandike makao yao makuu Paris moja kwa moja au napitia wapi?

Mzee_Gati
Dada, Paris watakurudisha hapahapa nyumbani. Mlango wako ni Tume ya Taifa ya UNESCO. Katiba ya UNESCO ya 1945, ibara ya 7, ndiyo inazitaja tume hizi, kazi yake kuziunganisha serikali, wasomi na vikundi vya wananchi na shirika lenyewe. Yetu ipo tangu 1962, sheria yake ya 2008. Hata Programu ya Ushiriki inayotoa hela za miradi midogo, asasi ya nchini haipeleki ombi yenyewe, linapita kwa Tume.

Binti_Mkindu
Mzee shikamoo, umesema kweli ila naomba niongeze. Tume ni chombo cha serikali, barua yenu moja inaweza kulala kwenye faili mwaka mzima, kwa hiyo anzeni na afisa utamaduni wa halmashauri mwende naye. Na kwenye orodha za UNESCO za urithi usioshikika, yaani mila na ujuzi wa watu, anayepeleka faili ni nchi, sisi tumeridhia mkataba wa urithi huo wa 2003 mwaka 2011, lakini faili lisilo na ridhaa ya wenye mila haliendi popote, na ridhaa hiyo mnayo nyie kina mama, hana mtu mwingine! Jirani zetu Kenya mila za kaya za Wamijikenda, yale makazi ya kale ndani ya misitu yao mitakatifu, ziliingia 2009 kwenye orodha ya zinazohitaji kulindwa haraka. Andikeni sasa hivi nani anajua nini, kila pambo na jina lake.

Msusi_Pangani
Asanteni sana jamani. Majina ya mapambo yote anayo huyohuyo bibi, kesho asubuhi naenda kwake na daftari.

Mzee_Gati
Marahaba binti. Msusi, nenda na mjukuu wake mmoja, yeye ndo aandike.