Nitauelezaje mti wa matunda usiokuwapo duniani?

Mwandishi wa Wete:
Assalaam alaykum. Ninaandika hadithi ya watoto inayotokea hapa Pemba, na ndani yake nimebuni mti wa matunda niliouita mtamasi. Nimeueleza kuwa ni mrefu, una maua mekundu na matunda ya rangi ya dhahabu, lakini kila nikiyasoma maelezo hayo naona pambo tu, si mti ambao mtoto ataamini kwamba umeota nyuma ya nyumba ya bibi yake. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Sayansi:
Wa alaykum salaam. Anza na mlaji wa tunda, kwa sababu utamu wa tunda ni ujira wa yule anayezipeleka mbegu mbali. Pemba mlaji huyo yupo tayari: popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine kokote duniani. Yeye hutafuta chakula usiku na hutegemea sana pua, kwa hiyo dhahabu yako haimfai. Tunda na liwe la kijani kilichofifia, lenye harufu inayomfikia mtu kabla hajauona mti wenyewe. Maua mekundu ni mwaliko wa chozi na ndege wengine wa mchana. Ukitaka popo ayatembelee, yawe meupe na yafunguke jioni, kama maua ya mbuyu.

Mkulima wa Mikoani:
Naafikiana na mwalimu, ila uangalie ukubwa. Fenesi laweza kupita kilo 30, nalo hubebwa na shina na matawi manene, ilhali tunda la kuchukuliwa na popo lazima liwe dogo. Tena popo hutafuna, humeza maji ya tunda, kisha hutema makapi. Makapi hayo mtoto wa hadithi yako angeyakuta uani asubuhi, mbali na mti, na hapo msomaji angeufahamu mtamasi hata kabla hujautaja urefu wake.

Bibi Shamba:
Wanangu, mmemshughulikia popo mkamsahau mtoto. Mtoto huujua mti kwa mikono na mdomo: ulimbo wa fenesi hung'ang'ania vidole mpaka vipakwe mafuta, na zambarau huupaka ulimi rangi, hata aliyekatazwa kula akajulikana papo hapo. Tuambie, mwanangu, aliyekula tamasi hujulikana kwa nini?

Mwandishi wa Wete:
Shikamoo, Bibi. Atajulikana kwa harufu: hata akinawa kwa sabuni, usiku ule popo watazunguka dirishani kwake.