Naomba ushauri: programu ya mauzo ipo, lakini daftari ndilo linalotawala

Habari zenu wakuu. Naendesha biashara ndogo ya jumla. Programu ya mauzo na stoo tunayo, ila mauzo bado yanaandikwa kwanza kwenye daftari, jioni ndipo mtu anayaingiza kwenye kompyuta. Matokeo yake skrini inaonyesha katoni zipo wakati rafu ni tupu. Mtunza stoo wangu, mtu mwaminifu kwelikweli, anadai mfumo unamchelewesha mteja akiwa amesimama mbele yake. Mimi nahisi kuna jingine: kila muamala unabaki na jina la aliyeuingiza na saa yake, naye anaona kama anachunguzwa.

Halafu intaneti ikikatika programu inaganda, maana data zote ziko kwenye seva ya mbali. Aliyetuuzia hakuligusia hilo hata kidogo, na ada ni ya kila mwezi, utumie usitumie.

Mliopitia haya, mliondoa daftari kwa mkupuo au mlianza na bidhaa chache? Programu zinazofanya kazi bila mtandao, mtandao ukirudi zinaoanisha hesabu vizuri? Na nikitaka kuhama, nidai data zangu katika muundo gani ili zisomeke kwingine?