Faiba ya kawaida haivuki maikroni 2.5, nifanyeje nipate mwanga mpana wa infraredi ya kati?

nakato_kla
Habari za jioni wakubwa. Niko Kampala nafanya masta ya fizikia, projekti nataka iwe ya kupima gesi zinazotoka jalala la Kiteezi, maana tangu lile rundo liporomoke Agosti 2024 likafukia watu sijaacha kuwaza vitu vinavyofuka mle ndani. Nimesoma kwamba ukiingiza pulsi fupi za leza kwenye faiba (uzi mwembamba wa glasi) inatoka supakontinuamu, yaani rangi kibao kwa mpigo mmoja. Labu tuna leza yenye urefu wa wimbi wa maikroni 1.55 na roli la faiba ya kawaida ya mitandao ya simu. Sasa methani inameza mwanga vizuri kwenye maikroni 3.3, ndani ya infraredi ya kati isiyoonekana kwa macho, lakini kila grafu nikiangalia mwanga unakufa kabla ya 2.5. Nikiongeza pawa utasogea au hapo ndo mwisho?

leza_jinja
Dada, pawa haitakusaidia hapo, glasi yenyewe ndo inakula huo mwanga. Faiba ya simu ni silika, silikoni na oksijeni, atomu nyepesi zimeshikana kwa nguvu kama springi ngumu, kwa hiyo zinatetemeka haraka na kuanzia kama 2.4 hivi zinaanza kuumeza mwanga kwa fujo. Unataka atomu nzito zilizoshikana kwa ulegevu, zitetemeke polepole, ukuta usogee mbali. Ndo maana watu wanatumia glasi za floraidi kama ZBLAN, ile iliyotokana na kazi ya kina Poulain na Lucas kule Rennes, Ufaransa, miaka ya sabini. Hiyo inapitisha mpaka kama 4.5. Ukitaka mbali zaidi unaingia kalkojenaidi, yaani aseniki na salfa au aseniki na seleniamu, ya salfa inafika kama 6 na ya seleniamu 10 hivi, na zinapanua mwanga kirahisi, mara mia na zaidi kuliko silika.

opio_optiki
Naongezea kwa leza_jinja kwa sababu wengi wanaishia kwenye glasi tu wanasahau dispasheni, yaani rangi tofauti kusafiri kwa kasi tofauti ndani ya glasi, na mwanga kupanuka kunategemea hapo. Kila glasi ina urefu wa wimbi ambapo dispasheni ni sifuri, silika ni kama 1.3, ZBLAN 1.6, aseniki salfaidi karibu 5. Ukipampu (ukiingiza leza yako) upande wa mawimbi marefu kuliko hiyo sifuri, pulsi inavunjika kuwa solitoni nyingi, yaani pulsi ndogo zinazosafiri bila kutawanyika, na solitoni zinateleza kuelekea mawimbi marefu, ukipampu upande mfupi na mbali nayo, pulsi inachanuka mapema, kilele chake kinashuka na upana unabaki mdogo. Sasa aseniki salfaidi yenye sifuri karibu 5 utaipampu na leza gani ya bei ya kawaida? Ndo maana wanapunguza kiini cha faiba mpaka unene wa maikroni chache, au wanachonga njia ya mwanga kwenye chipu, kwa sababu umbo jembamba linavuta hiyo sifuri irudi karibu na 2 ambako leza za thuliamu zipo. Njia nyingine ni kuleta pampu yenyewe mbali, watafiti wa Denmark mwaka 2014 walipampu kwenye 6.3 kwa faiba ya kalkojenaidi fupi ya sentimita 8.5, wakapata kuanzia 1.4 mpaka 13.3. Sentimita 8.5 tu banange!

nakato_kla
Asanteni sana. Sasa ssebo opio, hiyo pampu ya 6.3 sisi hatuna na hatutaipata. Kwa methani nifanye nini?

leza_jinja
Kama ni methani peke yake achana na supakontinuamu. Methani ina mstari mwingine kwenye 1.65, ni dhaifu kama mara mia kuliko ule wa 3.3, lakini faiba yako ya simu inapitisha vizuri na dayodi zake zinauzwa. Unarefusha njia ya mwanga kwa vioo, unapima.

Ila jalala likiwaka moto kuna kaboni monoksidi kwenye 4.7, kaboni dioksidi 4.26, fomaldehaidi 3.5, na hapo mwanga mpana unalipa maana unazisoma zote kwa pamoja na miale inabaki myembamba, inaruka mita nyingi hewani bila kutawanyika kama ya taa. Lakini ZBLAN itakuangusha kwenye 4.7, nenda na floraidi ya indiamu, hiyo inavuka 5, uipampu na thuliamu.

Halafu unyevu wa Kampala usiuchukulie poa. Glasi za floraidi zinaliwa na maji taratibu, ncha ya faiba ikikaa wazi inapata ukungu, na pawa ikiwa kubwa hapo ndipo inapoungua. Weka ncha kwenye kiboksi kilichofungwa chenye hewa kavu au naitrojeni, na ukikata usitumie mkazo uleule wa silika, inapasuka vibaya: punguza mkazo, kisha kagua uso wa ncha kwa darubini kabla hujawasha leza.

opio_optiki
Na kabla hujaagiza chochote andika simulesheni ya hiyo faiba, weka dispasheni yake halisi, uone mwanga unafika 4.7 au unaishia 4. Ukikwama weka kodi ya programu hapa tuipitie.