Eti "Georgia ni Georgia tu"!! Huyu bosi wa dawati la kimataifa atatuua kwa presha

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka, hata chai nimeiacha imepoa. Yule mkubwa wetu wa dawati la kimataifa, si mnamjua, yule wa miwani ya kuning'inia shingoni, leo kanivua nguo mbele ya watu wote mpaka watoto wa fildi walioanza juzi Jumatatu. Kisa neno moja, Georgian.

Habari ilikuwa ya nyumba inauzwa mji wa Bath, Uingereza, Waingereza wenyewe wameandika Georgian. Nikatafsiri "nyumba ya enzi za wafalme George" maana ndo ilivyo, wale George wanne walipokezana kiti kuanzia 1714 mpaka 1830, zile nyumba madirisha yake yamejipanga kushoto na kulia kama wanafunzi mstarini. Bosi kafuta, kaandika "nyumba ya mtindo wa nchi ya Georgia" na juu yake kaweka bendera ile ya misalaba mitano! Nyumba iko Bath wakuu, bendera ya Tbilisi, mji mkuu wa hiyo nchi ya Georgia! Nikamwambia kwa adabu zote, bosi hapa tumechanganya. Akavua miwani, akaniangalia kama nimemuibia kuku, akasema "Georgia ni Georgia tu, acha ujuaji."

Georgia ni Georgia tu! Na watoto wa fildi wakacheka!

Na ni huyuhuyu 2024 nchi ya Georgia imepiga kura Oktoba 26, Marekani Novemba 5, yeye habari ya kura za Atlanta, kule jimbo la Georgia la Marekani, kaipachika picha ya waandamanaji wa Tbilisi. Kwenye Euro mwaka huohuo Georgia kaipiga Ureno 2-0, ukimuuliza mchezaji wao Kvaratskhelia katokea wapi ungeambiwa Atlanta. Ukiandika "mwanasiasa wa Georgia" halafu ukanyamaza, msomaji atajuaje ni wa Caucasus au wa Marekani? Lile jimbo ndo lina jina la mfalme, George wa pili. Ile nchi haina undugu na mfalme yeyote wa London, wenyewe wanaiita Sakartvelo. Kwa hiyo angesema hiyo nyumba ina ukoo na Atlanta ningemeza mate nikanyamaza. Lakini eti acha ujuaji! Na vile alivyovua miwani kwanza!

Kipara wa Ubungo: Mkuu mshahara si unaingia? Muache aandike hata Bath ni bafu.

Mama Zai: Pole mwaya. Ila na wewe "enzi za wafalme George" nani huku Buza ataelewa? Ungesema nyumba ina miaka 200 na ushee, yakaisha.

Mleta uzi: Dada angu Mama Zai, hilo angeniambia yeye ningeandika, wala nisingebisha. Hakusema hivyo. Kasema GEORGIA NI GEORGIA TU.

Mzee wa Pweza: Tumesikia, mara ya sita hii 😂 Unywe hiyo chai.

Benchi la Akiba: Nafuu yako. Kuna mtangazaji wa mpira, nyote mnamjua, Kvaratskhelia dakika 90 nzima anamwita "yule Mrusi wetu". Wale walipigana vita na Urusi 2008 jamani!

Mtoto wa Lushi: Nyie mnalia na Georgia, sie wa Lubumbashi tuseme nini? Kila siku habari yetu, bendera ya Brazzaville. Kongo ziko mbili, mto uko katikati, mnashindwa kuona mto mkubwa vile?

Kipara wa Ubungo: Guinea je? Conakry, Bissau, ile ya Ikweta, bado Papua iko huko Pasifiki. Nilishaona rais wa Malabo, ile ya Ikweta, kapewa mapinduzi ya Conakry.

Mama Zai: Mimi Niger na Nigeria ndo zinanimaliza. Shemeji yangu yuko Niamey, Niger, mkitangaza bomu Nigeria familia nzima hailali.

Fildi Mwaka wa Tatu: Samahani mleta uzi, hapo kwenu watoto wa fildi wanapewa nauli?

Mzee wa Pweza: Nauli? Wenzio wanatumwa vitumbua na hela yao.

Fildi Mwaka wa Tatu: Sie wiki ya tano hii, hata kiti hatuna, tunakaa kwenye boksi la printa.

Benchi la Akiba: Dogo fungua uzi wako tuje.