Diwani aliyeomba kura kwenye kundi letu sasa anasema kundi si mahali pa kujibu hoja

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu. Naandika kutoka Tanga mjini nikiwa na hasira, lakini nitaeleza jambo hili kwa utaratibu ili asije mtu akasema natukana.

Kata yetu, ambayo sitaitaja, ina kundi la WhatsApp lililoanzishwa na wakazi wenyewe kwa ajili ya misiba, ulinzi shirikishi na taarifa za maji kukatika. Wakati wa kampeni mgombea udiwani aliomba kuingizwa, akaingizwa, na kwa muda wote ule hakuna aliyetuamkia mapema kuliko yeye. Aliyeuliza habari za mikopo ya vikundi alijibiwa kwa ujumbe mrefu wa sauti, aliyeuliza habari za mtaro alijibiwa, na hata aliyemtania kuhusu timu ya Coastal Union alipata jibu la utani. Baada ya kuapishwa, mheshimiwa amebakiza kazi moja tu pale kundini, nayo ni kuweka picha zake akiwa ziarani. Ukimuuliza jambo, alama mbili za bluu zinaonyesha kwamba amesoma, halafu kimya. Tulipomshikilia juu ya mtaro uliofukuliwa na kifusi chake kuachwa ukingoni, mpaka masika yakakirudisha chote ndani na maji kuingia kwenye nyumba za watu, aliandika kwamba hoja za wananchi hazijibiwi mitandaoni na kwamba mwenye shida amfuate ofisini. Haikupita hata saa moja, kundi likafungwa na wasimamizi peke yao ndio wakabaki na uwezo wa kuandika.

Nauliza: kama kundi lilifaa kuombea kura, limeacha kufaa lini?

Wala hatukumwomba ashike koleo. Tunajua kwamba tangu 2017 barabara za mijini na mitaro yake ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na tunajua pia kwamba diwani hana mfuko wa kujengea. Kazi yake ni kuongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, kupeleka hoja zetu kwenye baraza, kisha kurudi na majibu. Angeandika tu kwamba jambo hili si la halmashauri, ameshaliandikia barua kwa wahusika na anasubiri jibu, tungemwelewa, na pengine tungemshukuru. Ujumbe wa namna hiyo hauchukui dakika mbili. Kinachotuudhi si kifusi peke yake, bali ni kufanywa kama watu wasiostahili hata kuambiwa kwamba jambo lao limefikia wapi.

Hilo la kumfuata ofisini linasikika vizuri masikioni mwa asiyejua hali ilivyo. Ukifika ofisi ya kata utamkuta mtendaji, ambaye kwa adabu kabisa atakueleza kwamba mheshimiwa yuko kikaoni. Mama ntilie hawezi kuacha moto wake saa nne asubuhi, fundi hawezi kuacha kibarua, na kijana wa bodaboda akipoteza nusu siku hesabu ya tajiri haimsubiri. Vikao vya kawaida vya baraza la madiwani hufanyika kila robo ya mwaka, na ingawa mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza, vinafanyika siku za kazi, kwa hiyo kati ya kikao na kikao tunaishi kwa uvumi. Halafu jibu la ofisini, hata likipatikana, linaingia kwenye masikio ya mtu mmoja. Kesho anakwenda jirani yake na swali lile lile, na hakuna anayejua kama wamejibiwa sawa. Mimi nina sababu ya kuamini kwamba hawajibiwi sawa. Kuhusu mtaro huu huu, watu wa upande wa juu wameambiwa fedha zinakuja, na watu wa upande wa chini wameambiwa fedha zimekwisha kutumika.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi za diwani nazo ni mali yetu. Jibu lililoandikwa mbele ya watu mia kadhaa lina tarehe, linaweza kutafutwa mwaka ujao, na linaweza kuwekwa mbele ya aliyeliandika. Naamini ndiyo maana halitakiwi. Hicho kinachoitwa utaratibu wa ofisi ni woga wa maandishi.

Katiba ya 1977, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na ibara ya 18 inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa maisha yake. Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoitaka taasisi ya umma ijibu ombi la taarifa ndani ya siku 30. Je, tumefika mahali pa kujaza fomu na kuhesabu siku ili tu tujue kifusi kitaondolewa lini?

Nimesikia wanaomtetea, na baadhi ya hoja zao ni za kweli. Ni kweli kwamba kundini kuna watu wenye midomo michafu, na hao nawalaumu bila kupepesa macho. Dawa yao ni kuonywa na kutolewa, kwa kuwa diwani anayenyamazia kata nzima kwa sababu ya watu watatu anawaadhibu wasiohusika. Ni kweli pia kwamba wazee wengi wanatumia vitochi, hivyo mkutano wa mtaa lazima uendelee na jibu la kundini lisomwe pale pia. Wengine wanadai diwani akitoa maoni mtandaoni atakuwa ameamua kabla ya kikao. Huko Uingereza hofu hiyo ilikuwapo, na sheria yao ya 2011 ikaeleza kwamba diwani hahesabiwi kuwa amefunga akili yake kwa sababu tu alitoa maoni mapema. Wetu hata maoni hatujamwomba, tumemwomba taarifa.

Iliyonikera zaidi ni hoja ya siri. Akina mama waliuliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ambayo ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Wakaambiwa kwamba hayo ni mambo ya faragha. Nakubali kwamba jina la mkopaji na deni lake havipaswi kuanikwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iko wazi. Lakini tarehe ya mwisho ya kuomba, masharti, na idadi ya vikundi vya kata yetu vilivyopata ni faragha ya nani? Wapo waliosubiri jibu hilo mpaka dirisha la maombi likafungwa. Hasara hiyo haitokani na ukosefu wa fedha. Imetokana na mtu aliyesoma swali akaona hana haja ya kulijibu.

Ninachodai ni kidogo. Kundi lifunguliwe, na mheshimiwa atenge siku moja ya wiki ya kujibu kwa maandishi mambo yote yanayohusu umma, likiwamo jibu la "sijui, nitauliza". Baada ya kila kikao cha baraza aweke maelezo mafupi ya hoja alizopeleka kutoka kata yetu na namna zilivyoamuliwa. Kama hana muda, amteue mtu wa kumwandikia, lakini jibu liwe lake.

Wenzangu wa kata nyingine za Tanga, na wa Muheza, Pangani na Korogwe, nielezeni madiwani wenu wanafanyaje. Yupo anayejibu, na kwa mpangilio gani? Naomba tu msiandike matusi hapa, kwa sababu najua mheshimiwa anapitia uzi huu na anatafuta sababu ya kuukimbia.