SGR mwisho Dodoma, sisi wa Singida tumalizie na bajaji?

Wakuu, salaam. Siasa pembeni tafadhali, mimi kadi ya chama chochote sina. Nimechoka tu.

Tangu treni ya umeme ya reli mpya ya kisasa (SGR) ianze kwenda Dodoma Julai 2024, kila mtu hapa Dar ananiambia "siku hizi kwenu si mbali." Kwetu Singida, jamani! Shilingi 31,000 inanifikisha Dodoma na kiyoyozi juu, hapo sina ubishi, wanaosema haina maana ni waongo. Kasheshe inaanza ukishatoka getini. Una begi na kiroba cha nazi za mama, dereva wa bajaji anakuangalia viatu kwanza ndiyo ataje bei ya kukupeleka stendi Nzuguni. Ukifika, basi la Singida linalopita muda huo limetoka hukuhuku Dar, stendi ya Mbezi, tangu alfajiri na limejaa. Kondakta anakuambia kaa hapo kwenye boneti, Manyoni watashuka. Manyoni hashuki mtu. Na nauli umelipa kamili.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Reli ya kwenda Singida IPO. Tawi la kutoka Manyoni, kama kilometa 115, limelala pale. Lakini hata ukiomba dua usiku kucha, treni ya SGR haiingii humo. Nchi moja tuna reli za upana wa aina tatu: ile ya kati ya Mjerumani ni milimita 1,000, TAZARA ya kwenda Zambia 1,067, SGR 1,435. Na si kwamba kukutanisha reli za upana tofauti hakujawahi kufikiriwa. Pale Kidatu TAZARA inapokutana na tawi la kutoka Kilosa, pana kituo cha kuhamishia mizigo tangu miaka ya 90. Yaani shaba ya Zambia ilitengenezewa pa kuhamia, abiria kaachiwa bajaji.

Halafu SGR kipande cha pili mkataba wake ulikuwa Morogoro mpaka Makutupora, ndani ya wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida huohuo! Abiria walipoanza kubebwa wakateremshwa Dodoma.

Najua atatokea mtaalamu hapa aseme abiria wa mikoa midogo halipi, mzigo ndiyo unalipa. Mkuu, nimeisikia hiyo tangu nikiwa na nywele. Kichwa cha treni kikiwa kimoja na kuna makasha yanasubiri bandarini, kitapewa makasha, naelewa. Ila usije ukaniambia watu hawapo. Simama Mbezi asubuhi uhesabu mabasi ya Singida, hao wanaopanda ni mizimu?

Na mbona Moshi iliwezekana? Reli ya Tanga mpaka Arusha ilishageuka kichaka, watu wanaanikia nguo. Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi, 2020 ikafika Arusha. Reli ileile nyembamba, vichwa vya dizeli, hakuna aliyeambiwa asubiri SGR. Sina kinyongo na Wachaga na Krismasi yao, ila kumbe ikiamuliwa inawezekana.

Msinijibu pia eti kama haina faida ing'olewe. Waulizeni watu wa Mtwara na Nachingwea. Ile reli ya mradi wa karanga wa Mwingereza iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, leo hii tunachorewa ramani ya nyingine mpya ya kwenda Mbamba Bay. Kung'oa ni haraka sana.

Mafuriko ya Kilosa na Gulwe nayajua, tuta linachukuliwa na maji kila mvua ikichachamaa, hiyo ni kero ya kweli na inakula hela. Lakini kutoka Manyoni kwenda Singida hakuna huo mto Mkondoa unaoleta mafuriko.

Kingine, tozo ya maendeleo ya reli kwenye bidhaa za kutoka nje ilianza 2015 kwa asilimia 1.5. Anayenunua simu Kiomboi, huko kwetu Singida, hakupunguziwa kwa sababu treni haifiki kwao. Tunachangia wote, wanapanda wachache.

Mimi siombi umeme wala mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka. Naomba mabehewa mawili na kichwa cha dizeli, yatoke Dodoma yapite Manyoni mpaka Singida, saa yake ya kuondoka ipangwe kufuata treni inayotoka Dar, na tiketi iwe moja. Hata mara mbili kwa wiki tutaanzia hapo.

Wahandisi wa reli mliomo humu, shukeni na majibu. Ni daraja gani limekufa, ni mataruma, ni vichwa, au hakuna aliyewahi kukaa chini akapiga hiyo hesabu? Na wale wa "panda basi mkuu", mpite kimya. Basi napanda kila mara, ndiyo maana nina hasira hivi.