Mjadala: Morogoro Road, tujengewe madaraja ya kuvukia au magari yapunguziwe mwendo?

Habarini za jioni ndugu zangu. Juzi msibani tulibishana mpaka chai ikapoa, nikaona nilete suala hili kwa wengi zaidi.

Mzee mmoja alisema, na karibu wote wakamuunga mkono: hapa Dar es Salaam, kuanzia Magomeni hadi Kimara, kijengwe daraja la waenda kwa miguu kila penye kituo cha mabasi ya mwendokasi, katikati ya barabara iwekwe senyenge, na atakayevuka chini akamatwe apigwe faini. Alisema hivyo kwa uchungu, maana aliyekuwa amelala ndani alikuwa amegongwa na gari. Kwa hiyo sibishani na moyo wake. Nabishana na dawa aliyoitaja.

Mimi ni fundi sofa. Nakaa Mabibo na kila siku naenda Kariakoo kwa baiskeli, mara nyingi nikiwa na robota la sponji nimelifunga kwenye keria. Nikishuka kwenye baiskeli ni mwenda kwa miguu kama wengine.

Nianze na daraja, maana nalijua. Mama yangu ana miaka 71 na goti lake la kulia limevimba. Mwaka jana nilimpeleka kliniki, ikabidi tuvuke barabara kuu kwa daraja la juu. Alishika chuma kwa mikono miwili. Anapandisha mguu wa kushoto, anauvuta wa kulia, anapumzika. Ngazi ya tisa akasimama kabisa. Nyuma yetu alikuwepo dada mwenye beseni la samaki kichwani, hakuweza kutupita, naye akasimama huku maji ya samaki yanamtiririka shingoni. Tulipofika juu mama akachungulia chini, akaniuliza, "Huko chini ni hatua ngapi, mwanangu?" Nikamwambia kama 30. Hakusema kitu tena mpaka tunafika kliniki.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Daraja linamtaka mwenye goti bovu, mjamzito, mwenye kiti mwendo na mwenye mzigo kichwani wapande na kushuka, ili mtu aliyekaa kwenye kiti cha gari asikanyage breki. Na senyenge ikiwekwa, baada ya wiki mbili inakatwa tundu. Mnasema watu hawana nidhamu. Nendeni mkaangalie udongo uliokanyagwa ukawa mgumu kama saruji mbele ya tundu hilo. Ile ni njia ya watu mia kadhaa kwa siku, wamekubaliana bila mkutano kwamba hapo ndipo pa kuvukia. Kivuko kinatakiwa kijengwe hapo hapo.

Halafu tukumbuke jambo moja kuhusu barabara yetu. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016, vituo viliwekwa katikati ya barabara. Maana yake kila abiria, hata mwenye tai na laptopu, lazima avuke njia za magari kukifikia kituo na avuke tena kwenda nyumbani. Hakuna mtu anayepanda basi lile bila kuwa mwenda kwa miguu kwanza. Kwa hiyo tunapozungumzia kuvuka, tunazungumzia mlango wa kuingilia usafiri mkuu wa jiji. Mlango huwezi kuuweka ghorofani halafu ukashangaa watu wanapita dirishani.

Sasa mwendo. Kwenye makazi sheria yetu ni kilomita 50 kwa saa. Gari likiwa 50 linakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde moja inapita kabla mguu haujafika kwenye breki, na gari tayari limesogea mita 14 kwa kasi ile ile. Likiwa 30, limesogea mita 8 na kitu. Tofauti hiyo ya mita 6 ndiyo upana wa njia mbili za magari. Na Shirika la Afya Duniani linasema mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65, hatari ya kufa kwa anayegongwa na mbele ya gari inaongezeka mara 4.5. Simameni pale Manzese saa tano usiku, foleni ikiwa imeisha, halafu mniambie ni magari mangapi yanapita chini ya 65.

Ninachotaka ni kitu cha kawaida sana: zebra iliyoinuliwa iwe tuta pana, juu yake tambarare kama kibaraza, ili dereva apunguze hata kama haoni mtu. Katikati pawe na kisiwa cha kusimama, mtu avuke upande mmoja kwanza, apumue, avuke wa pili. Penye taa, muda wa kuvuka upimwe kwa miguu ya mama yangu, siyo ya kijana wa miaka 20. Na mbele ya vituo na shule kibao kiwe 30.

Haya siyo ya kuota. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la usalama barabarani la Amend liliboresha maeneo ya shule za msingi kwa matuta, zebra, vijia vya miguu na vigingi, wakati mwingine hata kuhamisha geti la shule litazame upande wenye magari machache. Walipopima, watoto walioumia walipungua kwa zaidi ya robo. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya dunia ya miji, iitwayo WRI Ross, mwaka 2019. Matuta na rangi! Tuta moja halifikii hata kidogo gharama ya daraja la chuma.

Kuhusu sisi wa baiskeli. Mwaka 2018 jiji letu lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika, na pamoja na mabasi zilisifiwa njia za miguu na baiskeli zilizojengwa kando yake. Zipo, nazipita kila asubuhi, na nilifurahi kama mtoto zilipofunguliwa. Lakini asubuhi yangu iko hivi: mita chache za kwanza safi, kisha mfuniko wa mtaro umeondoka na shimo limezibwa kwa tawi la mwarobaini ili watu waone, kisha bodaboda saba zimeegeshwa kwa ubavu zinasubiri abiria, kisha meza ya matunda, kisha bodaboda nyingine inakuja mbele yangu kwa kasi, uso kwa uso, ndani ya njia ya baiskeli. Nafanyaje? Nashukia kwenye lami, robota la sponji linapepea, daladala iko mgongoni inapiga honi.

Mwenye meza ya matunda simlaumu sana, anafuata wateja, na angepewa mita mbili za kwake pembeni angehama leo. Bodaboda ndio mtihani wenyewe, na hapa nakiri sina jibu kamili. Vigingi vya zege vinazuia gari. Ukivibananisha vizuie pikipiki, umemzuia pia mwenye kiti mwendo na mwenye guta la maji.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu. Asanteni kwa kujibu kwa hoja.

Ndugu aliyesema hii ni barabara ya malori ya Zambia na Congo, huwezi kuijaza matuta: uko sahihi kwa kipande cha Kimara kwenda Kibaha. Pale pamepanuliwa njia nane na mwendo ni wa safari, na pale hata mimi nakubali daraja, mradi liwe na mteremko wa kusukuma baiskeli na kiti mwendo. Lakini malori mengi ya bandarini yanakata Ubungo na kushika Mandela Road. Ubungo hadi Magomeni ni mji mtupu: maduka, shule, misikiti, makanisa, gesti, masoko. Barabara inayopita katikati ya watu ifuate mwendo wa watu.

Dada uliyeuliza kuhusu gari la wagonjwa kurushwa na matuta, swali lako limenikaa. Jibu langu ni kwamba tuta pana lenye juu tambarare halirushi kama yale membamba ya mitaani kwetu, na likipigwa king'ora njia ya mwendokasi ipo. Lakini wewe ni muuguzi, unajua zaidi. Kama kuna eneo ambalo unaona tuta litamuumiza mgonjwa, litaje kwa jina tulijadili hilo.

Kaka uliyesema foleni itaongezeka: foleni ya asubuhi Magomeni haiendi hata 20. Tuta halimcheleweshi aliyesimama. Linamgusa anayekimbia usiku, na huyo ndiye anayeua.

Kuna aliyeandika kwamba mimi nawatetea wavukaji wazembe. Hapana. Anayevuka huku anachati namkemea hata nisipomjua. Ila mtu akizembea sekunde mbili adhabu yake isiwe kifo, na barabara inaweza kujengwa hivyo. Aliyekuwa amelala ndani msibani hakuwa anachati. Alikuwa kwenye zebra, ana mfuko wa mkaa mkononi. Gari la njia ya kwanza lilisimama kumpisha, la njia ya pili likapita bila kusimama. Sheria inamtaka dereva asimame kwenye zebra, na mmoja wao aliitii. Kungekuwa na tuta pana, wote wawili wangepunguza, anayeijua sheria na asiyeijua.

Sasa nawarudia kwenye lile lililonishinda. Ndugu zangu waendesha bodaboda mliomo humu, najua njia ya magari inawatisha kama inavyonitisha mimi, ndiyo maana mnaingia kwetu. Mngepewa nini ili mtoke? Na mafundi wa kuchomelea, nani amewahi kuona au kutengeneza kizuizi kinachopitisha guta na kiti mwendo halafu kikasimamisha pikipiki? Nielezeeni kilivyo, hata kwa kuchora kwa mkono.